Vyama vya wafanyakazi na wahamiaji: yanayosemwa na yalivyo

Ajira zikiadimika, lawama humwangukia mgeni, na chama cha wafanyakazi huulizwa kwa hasira kiko upande wa nani. Mengi yanayosemwa katika mabishano hayo hayana msingi. Mengine yaliwahi kusemwa na vyama vyenyewe.

"Chama kikimtetea mhamiaji, kinamsaliti mwenyeji"

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote, na anayefaidika nalo ni mwajiri. Tuangalie mshahara unavyoshuka. Katika nchi nyingi kibali cha kazi cha mhamiaji kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akidai malipo ya saa za ziada anaweza kufukuzwa, na akifukuzwa kibali nacho kimekwisha. Ana muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Huko kwao deni la wakala aliyemtafutia kazi bado halijalipwa. Mtu aliyebanwa hivyo atafanya zamu ya saa 12, atakatwa hela ya malazi, na hatafungua mdomo. Mwenyeji anayesimama naye kwenye mashine ileile ataambiwa: hutaki, wapo wanaotaka. Wote wawili wakiwa ndani ya mkataba mmoja wa hali bora, yaani ule ambao chama kimejadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, kitisho hicho hakina nguvu tena, kwa sababu hakuna wa bei rahisi wa kumbadilisha naye.

Wazo hili si geni. Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi ilipoundwa London mwaka 1864, mojawapo ya sababu ilikuwa kuwazuia waajiri wa Uingereza kuleta watu kutoka nchi nyingine za Ulaya ili kuvunja migomo. Njia waliyoitumia ni kuwapelekea habari wenzao huko waliko, wajue kuna mgomo kabla hawajaondoka.

"Vyama siku zote vimekuwa rafiki wa wahamiaji"

Laiti ingekuwa hivyo. Nchini Marekani, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL lilipigania Wachina wazuiwe kuingia nchini. Mrithi wake, AFL-CIO, aliunga mkono sheria ya 1986 ya kuwaadhibu waajiri wanaoajiri watu wasio na vibali. Aliyelengwa ni mwajiri, lakini aliyeumia ni mfanyakazi: watu walipoanza kujiandikisha chamani, baadhi ya waajiri walitumia ukaguzi wa nyaraka kuwatisha na kuwaondoa. Februari 2000 shirikisho hilo liligeuza msimamo, likataka adhabu hizo zifutwe na wasio na vibali wahalalishwe. Kwa maoni yangu, historia hii isifichwe. Mhamiaji anayesita kujaza fomu ya uanachama ana sababu zake, na kiongozi wa tawi la chama anapaswa kuzijua.

"Asiye na kibali hawezi kuwa mwanachama"

Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi wote haki ya kuunda vyama na kujiunga navyo bila ubaguzi wowote. Sheria za nchi zimeachiwa kuamua kuhusu wanajeshi na polisi tu. Hata hivyo, kuipata haki hiyo ni vita. Wahamiaji wa Korea Kusini waliunda chama chao mwaka 2005, wakanyimwa usajili kwa kuwa baadhi yao hawakuwa na vibali. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na viongozi kadhaa walikamatwa na kurudishwa makwao hukumu ikisubiriwa. Juni 2015 mahakama iliamua kwamba kukosa kibali hakumwondolei mtu hadhi ya kuwa mfanyakazi.

"Wafanyakazi wa majumbani hawaunganiki, kila mmoja yuko kwenye nyumba yake"

Wameungana. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za majumbani, wa mwaka 2011, ni matunda ya kampeni yao, na tangu 2013 wana shirikisho lao la kimataifa.

"Nguvu ya chama inaishia mpakani"

Waulize mabaharia. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafirishaji lilianza mwaka 1948 kupambana na meli zinazopeperusha bendera za nchi zisizo za wenye meli, ili kukwepa sheria za kwao. Leo mkaguzi wake hupanda meli ikiwa bandarini, huomba mikataba na orodha ya mishahara, huzilinganisha, kisha huwasikiliza mabaharia wenyewe. Nchini Qatar, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa ujenzi na mbao lilikubaliana mwaka 2016 na kamati ya Kombe la Dunia kukagua kwa pamoja maeneo ya ujenzi wa viwanja na malazi ya wajenzi. Haikutosha, maana wahamiaji huko hawakuruhusiwa kuunda vyama vyao.

Kazi ambayo naona bado inapuuzwa iko mwanzoni mwa safari. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza, isipokuwa kwa nafasi chache, wakala binafsi kumtoza ada anayetafuta kazi. Chama cha nchi anayotoka mhamiaji kinaweza kudai sheria hiyo, kumsomea mkataba wa kazi kabla hajasaini, na kumkabidhi namba ya simu ya chama cha huko aendako.