Kuchuja damu wakati wa upasuaji wa moyo: kinachoondolewa ni nini?

Mombasa ukitaja kusafisha damu, wengi humfikiria mgonjwa wa figo anayekwenda dayalisisi, au mtu aliyeumikwa ili damu chafu imtoke. Ndiyo maana familia inayochangishana pesa za upasuaji wa vali, yaani vilango vya moyo vinavyopitisha damu, Nairobi au India, ikisikia kwamba damu ya mgonjwa huenda ikachujwa humo humo chumba cha upasuaji, huuliza: kwani damu yake ina uchafu gani? Haina. Sehemu kubwa ya kinachochujwa haikuwamo alipoingia. Imezalishwa na upasuaji wenyewe.

Ili kufungua moyo na kubadilisha vali, madaktari huusimamisha, na kazi yake hufanywa na mashine ya moyo na mapafu. Daktari Mmarekani John Gibbon ndiye aliyefanikiwa kwanza kumpasua mgonjwa kwa mashine hiyo, Philadelphia, mwaka 1953. Damu hutoka kwa mpira, hutiwa oksijeni, kisha husukumwa kurudi mwilini. Hutiwa heparini isigande.

Lakini damu imezoea kugusa kuta laini za mishipa tu. Ikipita kwenye plastiki kwa saa nzima au zaidi, mwili hujiona umevamiwa. Seli nyeupe huamka, protini za ulinzi huchocheana, na kemikali ziitwazo saitokini humwagwa damuni. Moyo nao, uliokuwa umenyimwa damu kwa muda, huongeza kishindo pindi damu inaporudi.

Huo ndio mchochota. Kwenye kidole kilichochomwa na mwiba, ni wekundu, joto na uvimbe, na husaidia kidonda kupona. Ukienea mwili mzima ni jambo jingine: mishipa midogo huvuja maji, uso na mikono hufura, mapafu huloa, presha hushuka, figo hulegea. Wengi hulipitia hilo kwa kiasi na kupona. Wengine hukawia kwenye mashine ya kupumulia, na kila siku ya ziada katika chumba cha wagonjwa mahututi ina gharama na hatari zake.

Njia kongwe ya kuchuja hufanya kazi kama kifumbu cha tui. Damu husukumwa kwenye nyuzi zenye vitundu vidogo mno. Seli na protini kubwa hubaki, maji na baadhi ya saitokini hupenya. Tofauti ni kwamba hapa kilichopenya ndicho kinachomwagwa. Watoto ndio wanaonufaika zaidi. Mtoto wa kilo 5 ana damu ya mililita 400 hivi, kwa hiyo maji ya kujazia mipira ya mashine huizimua vibaya sana. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walieleza mapema miaka ya 1990 jinsi ya kumchuja mtoto kwa dakika chache mara tu anapotolewa kwenye mashine. Maji ya ziada hutoka, damu hurudia uzito wake, presha hupanda. Mzazi akiambiwa mwanawe atafanyiwa hivyo, asiogope.

Njia mpya ni kopo lililojaa chembe ndogo za plastiki zenye vinyweleo, ambavyo hunasa saitokini damu inapopita. Inavutia ukielezwa, na hapa nataka tuwe waangalifu. Ujerumani walilijaribu kwa wagonjwa 288 waliopasuliwa kwa maambukizi ya vali, na matokeo yakatoka mwaka 2022: saitokini zilipungua damuni, ila viungo havikufanya kazi vizuri zaidi, wala vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Kipimo cha maabara kilishuka, mgonjwa akabaki pale pale. Tena kopo hilo halichagui. Linaweza kunasa hata dawa za viuavijasumu alizopewa mgonjwa. Lina faida iliyo wazi zaidi kwingine, kama kuondoa tikagrelo, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mtu anayepasuliwa kwa dharura kabla haijamwisha mwilini.

Kwa hiyo mtu mzima anayewekewa vali kwa mpango akiona kopo hilo kwenye makadirio ya gharama, ana haki ya kumuuliza daktari: "Kwangu mimi linahitajika kwa sababu gani, na nisipowekewa itakuwaje?" Aulize kabla ya michango kutumwa, si akiwa ameshalazwa.