Je, wajua kwa nini Waitaliano waliipenda Meksiko katika filamu zao za kauboi?

Mfungwa amesimamishwa ukutani, askari wamemwelekezea bunduki. Ghafla daktari mmoja Mwingereza anafika na gari, anamchopoa na kutokomea naye. Si huruma. Daktari anataka kumuua kwa mkono wake mwenyewe, maana anamshutumu kwa kumbaka mchumba wake, ambaye sasa ni marehemu.

Hiyo ni Tepepa, filamu ya Giulio Petroni ya mwaka 1969. Tomas Milian, mzaliwa wa Cuba, ndiye Tepepa, kiongozi wa wakulima walionyang'anywa ardhi. Orson Welles ni kanali anayemwinda, na muziki ni wa Ennio Morricone. Pamoja na majina mazito hayo, wengi wanamjua Sergio Leone tu, mwongozaji mashuhuri wa kauboi za Kiitaliano.

Lakini Meksiko iliwahusu nini Waitaliano? Mtazame mwandishi. Franco Solinas, mmoja wa walioandika Tepepa, alikuwa mkomunisti, na ndiye pia aliyeandika ile filamu maarufu ya 1966 kuhusu vita vya Algiers, mji mkuu wa Algeria. Miaka ile makoloni yalikuwa yakijikomboa, Vietnam inawaka moto, na 1968 wanafunzi wa Italia walijaa barabarani. Hotuba ya siasa isingeuza tiketi, kauboi aliuza. Basi siasa ikavalishwa sombrero, ile kofia pana ya Kimeksiko.

Na historia yenyewe iliwarahisishia kazi. Mapinduzi yaliyoanza 1910 yalimng'oa Porfirio Díaz, dikteta wa Meksiko, na mwaka uliofuata Francisco Madero akawa rais. Wakulima waliomwaga damu wakasubiri mashamba yao, wakachoka. Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima hao, akamwasi Madero mwaka huohuo wa 1911. Tepepa naye ni mtu wa kundi hilo: ameshinda vita, na bado hana kitu. Ndiyo maana wapenzi wa filamu za aina hii huziita za Zapata.

Kwangu mimi, utamu uko kwenye ule ugomvi wa wawili. Daktari ana haki ya kudai, lakini haoni zaidi ya jeraha lake. Tepepa anapigania maelfu, na mikono yake si safi. Filamu ni ndefu, zaidi ya saa mbili, na katikati inajikokota. Ila haimwoshi shujaa wake.

Kichekesho ni kwamba hadithi hii ya wanyonge kuwapindua wakubwa ilipigwa picha Hispania, chini ya utawala wa dikteta Francisco Franco. Gharama zilikuwa nafuu, na nyika kavu za kusini zilifanana na Meksiko.