Kabla hujailaumu kahawa ya asubuhi

Mzee anayeuza kahawa mtaani kwetu Ilala hupita saa kumi na mbili na nusu. Haiti mtu. Unasikia tu vikombe vikigongana mkononi mwake, kacha kacha kacha, na ukifungua geti unakuta ameshalitua dele lake chini, mkaa bado mwekundu. Kahawa chungu, tangawizi ya kutosha, na kashata kwa anayetaka. Ni mwaka wa saba sasa nanunua kwake, na kazi yangu ni ushauri wa lishe. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wanaokuja kuniona huanza kwa kujihami: "Dada, najua utanikataza kahawa." Sikatazi. Mara nyingi kahawa yenyewe haina neno. Tatizo liko kwenye vile inavyoandamana navyo, na saa unayoinywa.

Kwanza hiyo nguvu tunayoitafuta. Kikombe cha kahawa chungu hakina chakula ndani yake. Kalori ni mbili tatu, basi. Kinachotokea ni hiki: tangu ulipoamka, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo unavyozidi kuchoka. Adenosini ina viti vyake kwenye seli za ubongo. Ikishakaa, macho yanakuwa mazito. Kafeini ina umbo linalofanana nayo, na tabia zake ni za abiria wa daladala za Gongo la Mboto asubuhi: anaingilia dirishani kuwahi siti. Adenosini haijaondoka, imesimama pale kituoni na wenzake wanazidi kufika. Kafeini inaposhuka, wanapanda wote kwa mpigo. Kwa hiyo aliyelala kwa muda wa saa nne tu akanywa vikombe vitatu hajapumzika. Amewazuia abiria mlangoni tu.

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni kwamba usiguse kahawa mpaka dakika 90 zipite tangu uamke. Ukitaka, fanya, haudhuru. Ila ushahidi wake ni mwepesi, na kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari, sioni sababu ya kumwongezea sharti jingine.

Sukari ndiyo ninayogombana nayo. Alikuja kaka mmoja, dereva wa lori, analalamika kwamba kahawa inamtetemesha na ikifika saa nne hana nguvu kabisa. Nikamwomba anionyeshe anavyoitengeneza. Akachukua kikombe kikubwa, akatia kahawa ya kopo kijiko kimoja, kisha sukari: kimoja, viwili, vitatu, na vyote vya kilima. Pembeni maandazi mawili. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4. Vya kwake vilikuwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Yeye alikuwa anazipita 25 kabla ya saa nne kwa vikombe viwili, bila kuhesabu andazi. Kahawa hatukuigusa. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi ukazoea bila ugomvi, na andazi moja likampisha yai la kuchemsha na kipande cha muhogo. Kutetemeka kulipungua kwa sababu sasa tumboni kulikuwa na kitu kinachokaa. (Kashata ya karanga nairuhusu, moja, itafunwe taratibu. Na mimi ni binadamu.)

Sasa suala la damu, na hapa naomba akina mama mnisikilize vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Chuma kingi tunachokula kinatoka kwenye maharage, mchicha, ulezi, dona. Chuma cha mimea ni chepesi kuzuiwa, na kahawa ina viambato vinavyokishika tumboni kabla hakijanyonywa. Chai ya rangi ndiyo mbaya zaidi. Katika jaribio moja lililochapishwa 1983, kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kinachonifurahisha katika jaribio lile ni suala la muda: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikupunguza kitu, ila iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia sawasawa na ile ya pamoja na mlo. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunakula, kisha tunashushia.

Mimi mwenyewe niliyajua hayo darasani, nikayasahau nyumbani. Mimba yangu ya kwanza, kliniki walinipa FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi, kama wanavyopewa wajawazito wote, na nikawa nazimeza kila asubuhi kwa kahawa, maana ladha ya kidonge ilikuwa inanichefua. Mwezi wa sita wa mimba damu ikapimwa: 9.6, pungufu. Muuguzi, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, vidonge unameza na nini?" Nilimjibu huku nimeinamisha kichwa. Nikahamishia FEFO usiku, kwa maji na kipande cha chungwa, na kahawa ikabaki asubuhi peke yake, kikombe kimoja. Mjamzito hatakiwi kuzidi miligramu 200 za kafeini kwa siku kwa mujibu wa wataalamu wa Ulaya, na mimba ikiwa kubwa mwili huchelewa sana kuiondoa.

Ukimeza dawa, muulize mfamasia. Antibiotiki iitwayo siprofloksasini, kwa mfano, huuzuia mwili kuisaga kafeini, na kikombe kilekile cha kila siku kinakufanya moyo uende mbio. Dawa ya tezi ya shingo nayo haipatani na kahawa. Meza kwa maji, subiri.

Vidonda vya tumbo? Kahawa haivisababishi, vingi vinatokana na bakteria aitwaye H. pylori au dawa za maumivu. Lakini kama kikombe cha tumbo tupu kinakuletea kiungulia, tanguliza ndizi au karanga kidogo, na usijilazimishe.

Aina ya kahawa nayo ina maana. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na kahawa nyingi za kopo zina robusta ndani. Wenyeji wa Bukoba, ambao mgeni wao hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, hawahitaji kuambiwa. Mwenye lehemu nyingi ajue pia kwamba kahawa inayochemshwa na unga wake, kama ya dele, hubeba mafuta yanayopandisha lehemu mbaya. Kichujio cha karatasi huyanasa karibu yote. Vikombe vyetu vidogo viwili vitatu havinitishi, lakini anayekunywa kibirika kizima kila siku apime.

Na jioni ndiyo inayoandaa asubuhi. Kafeini hupungua nusu kwa takriban saa tano, na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo waweza kuwa maradufu. Kahawa ya kijiweni ya saa kumi alasiri, saa tatu usiku nusu yake bado imo mwilini. Unalala kwa shida, unaamka mzito, unamwita mzee wa dele mapema zaidi. Mimi mwisho wangu ni saa nane mchana.

Limebaki la moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa, likaviweka humo vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65, kwa sababu ya saratani ya koo la chakula. Ugonjwa huo uko sana ukanda wetu, na watafiti waliopima chai ya maziwa Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa imepita nyuzi 70. Nilimweleza mzee wetu. Akacheka, akasema kahawa isiyounguza ni maji ya kunawa. Siku hizi, akishanijibu shikamoo yangu, ananimiminia mimi wa kwanza, anakiweka kikombe kwenye kibaraza, kisha anawahudumia vijana wa bodaboda, na anayenyoosha mkono kukichukua anapigwa kofi dogo la kiganja: "Hicho cha daktari, kinapoa."