Je, wajua kwa nini sanduku la kura lilibaki tupu?

Tarehe 15 Novemba 2012, katika kituo kimoja cha kupigia kura mjini Newport, Wales, wasimamizi walikaa kutwa nzima bila kumwona mpiga kura hata mmoja. Siku hiyo England na Wales zilikuwa zikichagua kwa mara ya kwanza makamishna wa polisi na uhalifu, yaani watu wa kusimamia polisi wa kila eneo, kupanga bajeti yao, na hata kumwajiri au kumfukuza mkuu wao. Kwa jumla, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 15 tu.

Kwa nini watu waisuse kura inayogusa usalama wao wenyewe? Baridi na giza la Novemba vilichangia. Tena serikali haikugharamia vipeperushi vya wagombea kupelekwa majumbani, kwa hiyo wengi hawakujua hata nani anagombea. Lakini naona kulikuwa na jambo zito zaidi: wengi hawakutaka polisi waingizwe kwenye siasa za vyama. Ushahidi ni kura zenyewe, kwani kati ya makamishna 41 waliochaguliwa, 12 walikuwa wagombea huru.

Halafu likaja la Rotherham, mji ulio katika eneo la South Yorkshire, kaskazini mwa England. Agosti 2014, ripoti ilikadiria kwamba watoto wasiopungua 1,400 wa mji huo walidhulumiwa kingono kati ya 1997 na 2013. Kamishna wa South Yorkshire, Shaun Wright, ndiye aliyekuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto Rotherham kuanzia 2005 hadi 2010. Waziri mkuu alimtaka aondoke, chama chake pia, na wananchi wenye uchungu wakamtaka aondoke. Akakataa kwa wiki kadhaa, na sheria haikumpa yeyote njia ya kumng'oa kwa sababu hiyo. Alijiuzulu Septemba kwa hiari yake. Uchaguzi wa kujaza nafasi hiyo nao ulivuta asilimia 15 hivi ya wapiga kura, na siwalaumu waliobaki nyumbani. Uliyempa kazi ukishindwa kumnyang'anya hata anapopoteza imani yako, kura yako imebaki nusu.

Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba cheo hicho kitafutwa muhula wa sasa utakapokwisha Mei 2028. Kwa England, kazi hiyo itachukuliwa na mameya, na pasipo na meya, bodi za viongozi wa halmashauri.