Ilani ya utekelezaji: kaunti ikikusimamishia ujenzi wa nyumbani

Nchini Kenya, ukitaka kuongeza vyumba nyuma ya nyumba au kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya chini, unahitaji idhini ya kaunti kabla fundi hajachimba msingi. Ukianza bila idhini, au ukiipata kisha ukakiuka masharti yake, kaunti hukupa ilani ya utekelezaji. Hii ni amri ya maandishi inayotolewa chini ya kifungu cha 72 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Inapaswa kutaja kosa linalodaiwa, hatua unazotakiwa kuchukua, siku inapoanza kutumika na muda uliopewa. Inaweza hata kukutaka urudishe kiwanja kama kilivyokuwa.

Ile X nyekundu inayopakwa ukutani haikuambii hayo yote. Ukiikuta, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulizie ilani yenyewe. Lakini usiipuuze: jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 na kuua watu wengi lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa.

Mizozo mingi ya nyumbani huanzia kwenye vipimo. Ramani iliyopigwa muhuri inaonyesha nafasi iliyoachwa kati ya ukuta mpya na ua wa jirani. Fundi anaona chumba kitakuwa chembamba, anausogeza ukuta kidogo, na mwenye nyumba anafurahi kwamba kitanda na kabati vitaenea. Mkaguzi anapovuta futi kutoka ukutani hadi kwenye ua, kipimo kinakataa. Hapo hata ukimwonyesha jinsi ukuta ulivyojengwa imara, hujamjibu, kwa sababu swali lake ni la nafasi.

Mzozo mwingine mchungu ni wa msingi. Mkaguzi alipaswa kuziona nondo kabla ya zege kumwagwa. Amechelewa, vibarua wanasubiri, saruji inaharibika, basi zege linamwagwa. Akifika anataka pachimbuliwe, na mwenye nyumba anaona anaonewa. Kwa maoni yangu mkaguzi ana hoja, maana nondo zikishafunikwa hakuna anayejua ni nene kiasi gani wala zimefungwa vipi. Ila mwenye nyumba naye ana haki ya kujitetea: barua ya kumwita mkaguzi, pamoja na picha ambazo mhandisi wake alipiga kabla ya zege, ni ushahidi wa maana.

Kinachowaumiza watu zaidi ni siku. Una siku 14 tangu ulipokabidhiwa ilani kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakimpigia mkaguzi simu, wakimtuma mtu anayemfahamu, au wakimpa kitu kidogo aondoke. Pesa hiyo haifuti ilani, na mkaguzi mwingine akija kesho mnaanza upya. Mkaguzi akikwambia "endelea tu, hakuna shida", mwombe aandike.

Katika rufaa, jibu kila kosa lililotajwa kwenye ilani, moja baada ya jingine, na uambatishe ramani yenye muhuri, barua ya idhini na risiti. Kama kaunti ndiyo iliyokaa kimya, angalia tarehe uliyowasilisha maombi: sheria hiyohiyo inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana nakala yenye muhuri wa siku ya kupokelewa ni ya kutunzwa pamoja na hati ya kiwanja. Kamati ikikukatalia, bado unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.