Kabla ya kwenda kwa mshauri wa kodi, tenga pesa isiyo mauzo

Wenye maduka wengi hapa Arusha huja na mfuko uliojaa risiti za manunuzi, wakiamini kazi ndiyo hiyo. Mimi naomba kwanza taarifa za benki na za simu, Januari hadi Desemba, Lipa Namba zote zikiwemo. Pesa iliyoingia humo bila maelezo itachukuliwa kuwa mauzo. Kwa hiyo mkopo, michango ya harusi, mtaji alioongeza shemeji, hata pesa uliyojihamishia mwenyewe kutoka akaunti nyingine, viwekee alama kimoja kimoja na uambatishe ushahidi: mkataba wa mkopo, au taarifa ya akaunti iliyotuma. "Ilikuwa ya harusi" haitoshi.

Kisha lete ripoti za Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, ukiwa umejumlisha kila mwezi. Mwezi ambao benki inazidi Z, andika sababu pembeni.

Risiti za manunuzi ziwe na jina na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), bila hizo usitegemee kudai ile 18%. Karatasi yake huandikwa kwa joto, kwa hiyo ukiiacha juani kwenye dashibodi ya gari inaharibika. Itoe kopi mapema, ubane kopi na halisi pamoja. Usiilamineti, itageuka nyeusi yote. Vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono weka bahasha yake. Nitavitazama, lakini siahidi kitu.

Kampuni za utalii zina lao. Mgeni analipa malipo ya awali Novemba, safari ni Februari. Bila ankara yenye tarehe ya safari, pesa hiyo inaangukia mwaka usio wake. Risiti za viingilio vya TANAPA (hifadhi za taifa) zipange kwa safari, si kwa mwezi.

Fremu ya biashara unayopanga: lete mkataba na uthibitisho kwamba ulikata kodi ya zuio, 10% ya pango, ukaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Wengi humlipa mwenye nyumba yote, kisha wanadaiwa wao.

Stoki ihesabiwe jioni ya Desemba 31, kwa bei ya kununulia. Ukiandika bei ya kuuzia, faida inavimba na kodi inapanda nayo.

Kwa mwaka unaoishia Desemba, mwisho wa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, ni Juni 30. Njoo Aprili, wiki ya mwisho ya Juni mfumo wenyewe wa TRA huelemewa.