Seli za mgonjwa zinapogeuzwa kuwa dawa yake

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, huzaliwa akiwa mzima kabisa kwa kumtazama. Miezi ya mwanzo hulala na kunyonya kama wenzake, kisha anapokaribia nusu mwaka vidole vya mikono na miguu huanza kuvimba na kuuma. Wazazi wengi wameliona hili bila kuelezwa sababu yake, na sababu hiyo ndiyo iliyozaa tiba mpya.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Tumboni, mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, ambayo haina hitilafu. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima taratibu, na himoglobini ya utu uzima hushika nafasi. Kwa mwenye selimundu, hii ya pili ndiyo mbovu: huzifanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Wanasayansi wakajiuliza: vipi kama ile ya kwanza ingewashwa tena?

Imewezekana. Kwa mkasi wa kijenetiki uitwao CRISPR, hukatwa kipande kinachoipa BCL11A nguvu ndani ya seli zinazozalisha damu. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Katika takwimu zilizotumika kuiidhinisha Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Kwa sisi tuliozoea kuwaona wagonjwa hawa wakilazwa tena na tena, hilo ni jambo kubwa mno.

Lakini njia yake ni ngumu, na mgonjwa ana haki ya kuijua yote. Kwanza hupewa dawa ya kuzitoa seli za shina, yaani hizo zinazozalisha damu, kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mashine huichuja damu hiyo kwa saa kadhaa, siku baada ya siku, na mara nyingi zoezi hurudiwa baada ya wiki kadhaa kwa sababu seli hazikutosha. Kuzihariri na kuzipima maabara huchukua miezi. Kisha huja hatua inayoogopesha zaidi: dawa kali ya kuusafisha uboho ili seli mpya zipate pa kukaa. Nywele hunyonyoka, mdomo hujaa vidonda, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, ndiyo maana suala la kuhifadhi mbegu au mayai ya uzazi huzungumzwa mapema. Kurudishiwa seli zenyewe ni kazi fupi, kama kuongezewa damu. Baada ya hapo ni wiki kadhaa za kulazwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Upande wa saratani ya damu, seli zinazofunzwa upya ni askari wa kinga, seli T, ili ziishambulie saratani. Mwaka 2012 huko Philadelphia, Emily Whitehead, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo kwa aina yake ya saratani. Seli zilishambulia kwa nguvu hadi akawekewa mashine ya kupumulia. Vipimo vikaonyesha protini moja inayochochea kinga ya mwili imepanda kupita kiasi, na madaktari wakampa tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi. Akapona. Tiba hiyo iliidhinishwa mwaka 2017, na tosilizumabu huwekwa tayari karibu na mgonjwa.

Kujiandaa hivyo kwa madhara ndiko kunakotofautisha utafiti halali na wanaouza "sindano za stem cell" (seli za shina) kwa kisukari, kupooza na usonji kwa wakati mmoja. Kisa kilichochapishwa mwaka 2017 kilihusu wanawake 3 wa Florida waliodungwa machoni seli za mafuta ya miili yao. Uoni wao uliharibika vibaya. Walikuwa wamelipa. Ukiambiwa ulipie majaribio, uliza yamesajiliwa wapi, nani aliyeyaidhinisha kimaadili, na ukizidiwa usiku utapelekwa hospitali gani.

Na mwenye selimundu anayetumia dawa ya haidroksiyurea asiiache akisubiri tiba hizi. Nayo huongeza himoglobini ya kichanga, kwa kidonge cha kila siku, na hupunguza mashambulio ya maumivu kwa wengi wanaoitumia bila kukatiza.